Lambo lililobaki kwenye ramani: uchambuzi wa kisa cha kambi ya mafunzo katika chuo kimoja cha Dodoma

## Kisa kinahusu nini

Bajeti ya chuo inapobana, kifungu kinachotangulia kukatwa ni safari za wanafunzi. Hoja zinajulikana: mafuta yamepanda, posho za walimu ni nyingi, na korongo linaweza kuonyeshwa kwa projekta bila mtu kuchafua viatu. Kisa hiki kinatoka katika chuo kimoja cha mkoani Dodoma kilichokuwa kikiwapeleka wanafunzi wa mwaka wa pili kambini kwa siku kumi. Baada ya tukio nitakalolieleza, kambi ikageuzwa kuwa ziara ya siku moja. Miaka kadhaa baadaye, mtaala ulipokuwa unapitiwa upya, idara ikalazimika kujiuliza ilipata nini kwa kambi ile na ilipoteza nini kwa kuifuta.

Mimi nilikuwa mtu wa nje, niliyeombwa kusoma kumbukumbu za kambi na kuzungumza na waliohitimu. Majina ya chuo, kijiji na watu nimeyaondoa, na mambo machache yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyabadilisha.

Niliingia kazini nikitarajia kusikia neno moja: kujiamini. Ndilo linaloandikwa kwenye kila andiko la kuombea fedha za masomo ya nje ya darasa. Nililisikia mara chache, tena kwa watu ambao hawakunishawishi. Nilichokikuta ni kitu kidogo zaidi, na nadhani kina manufaa zaidi.

## Usuli

Kozi ilikuwa ya mipango na mazingira, ngazi ya shahada. Wahitimu wake huishia kwenye halmashauri, miradi ya maji na mashirika ya maendeleo, yaani kwenye meza ambazo mafaili ya malambo na visima hupita kuomba saini. Wanafunzi walitoka Kagera, Mbeya, Dar es Salaam, Pemba na kwingineko; wenyeji wa Dodoma walikuwa wachache. Kwa wengi wao Dodoma ilikuwa hosteli, kituo cha daladala, vumbi la Septemba na zabibu zinazouzwa barabarani.

Mkoa wenyewe ni mgumu kwa maji. Mvua ni kati ya milimita 550 na 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Hata ndani ya miezi hiyo huja kwa vishindo: siku chache za mvua kubwa, kisha jua. Bwawa lililo wazi linaweza kupoteza zaidi ya milimita 2000 kwa mwaka kwa jua na upepo peke yake. Ndiyo maana tangu enzi za ukoloni yamechimbwa malambo ya kukinga maji ya msimu, na malambo hayo yana adui wake: mvua ya vishindo ikipiga ardhi tupu hushuka na udongo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Uppsala, Sweden, walipima mabwawa kadhaa ya Dodoma, likiwemo la Ikowa lililojengwa 1957 na la Matumbulu la 1960, wakakuta yanajaa mchanga na tope kwa kasi kubwa. Uhai wake ulihesabika kwa miongo. Miaka ya 1930, huko Mpwapwa, ilikuwa imeshapimwa vipande vya ardhi kwa majaribio: kipande kitupu kilimwaga karibu nusu ya mvua iliyonyesha juu yake, na kipande cha kichaka kisichochungiwa mifugo hakikufikisha hata asilimia moja.

Yote hayo yalikuwa kwenye vitini. Mtihani wa Juni uliuliza sababu za malambo ya Dodoma kujaa udongo, na kundi litakalozungumziwa hapa lote lilifaulu swali hilo.

Kambi ilianzishwa na mhadhiri mmoja, ambaye kuanzia sasa nitamwita mratibu. Alijua historia ya jambo alilolianzisha: shule ya Outward Bound, ya kuwafunza vijana kwa safari ngumu za nje, iliyofunguliwa Wales mwaka 1941 chini ya fikra za mwalimu Mjerumani Kurt Hahn, na tawi lake lililokuja Loitokitok, upande wa Kenya wa Kilimanjaro, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Alijua pia ya kwetu: chuo cha wanyamapori cha Mweka kinachopeleka wanafunzi porini tangu 1963, Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) lililoanzishwa mwaka huohuo, na Elimu ya Kujitegemea ya 1967 iliyozipa shule zetu mashamba. Lakini aliniambia hakutaka kutengeneza askari wala wapanda milima. Alitaka wapangaji wa maendeleo waliowahi kupanga kitu na kulala njaa kwa sababu yake. Wanafunzi, bila kujali falsafa hiyo, waliiita kambi “JKT ndogo”.

Utaratibu ulikuwa hivi. Makundi ya watu wanane, kila kundi na mkufunzi mmoja. Kundi hupewa ramani ya topografia ya kipimo cha 1:50,000, hupanga lenyewe njia kati ya vijiji viwili, hubeba chakula na maji yake, na huamua pa kulala. Mkufunzi hutembea nao lakini hajibu swali la njia isipokuwa pana hatari. Pikapu ya chuo hukaa barabara kuu ikiwa na maji ya akiba na sanduku la huduma ya kwanza. Kila jioni hufanyika mazungumzo, hata kama watu wamechoka.

Kambi ilifanyika mwishoni mwa Oktoba. Hapakuwa na sababu ya kitaaluma ya kuchagua mwezi huo. Ndipo palipokuwa na nafasi kwenye kalenda, kabla ya masomo ya mwaka mpya kuanza. Oktoba hapa ni kiangazi kilichokomaa, jua la mchana linavuka nyuzi 30, na mvua ya kwanza bado iko mbali.

## Yaliyotokea

Siku ya kwanza ilianzia bombani. Mratibu aliwauliza maji wanayooga hosteli yanatoka wapi, na majibu yakawa “DUWASA”, yaani mamlaka ya maji ya mji, jambo ambalo ni kweli na halisaidii kitu. Wakapelekwa kuelekea Makutupora, kwenye eneo la visima virefu vinavyolisha mji. Kina cha maji ya ardhini pale kimepimwa tangu miaka ya 1950, na uchambuzi wa vipimo hivyo uliochapishwa na wanasayansi mwaka 2013 ulionyesha kwamba maji hayo hayajazwi kidogokidogo kila mwaka. Hupanda kwa kishindo katika misimu michache ya mvua kubwa mno, kama ile ya El Niño ya 1997/98, kisha hushuka polepole kwa miaka. Mwanafunzi mmoja aliandika kwenye daftari lake la kambi: “Kwa hiyo naoga mvua ya zamani.”

Siku ya pili walirudia majaribio ya Mpwapwa kwa vifaa vya mkononi: madumu mawili yaliyokatwa ubavuni, moja likajazwa udongo wa njia ya ng'ombe, jingine bonge la nyasi na mizizi yake. Kila moja likamiminiwa kata ileile ya maji. Dumu la kwanza lilitoa maji mekundu papo hapo. La pili lilichelewa, likatoa kidogo, safi.

Siku ya tatu ndiyo kiini cha kisa. Kundi la tatu liliondoka alfajiri. Kwenye ramani yao palikuwa na alama ya buluu, lambo, umbali wa nusu siku ya kutembea. Mpango ukawa kufika hapo kabla ya saa sita, kupumzika, kuchota maji na kuyatia vidonge, kisha kulala jirani. Kwa hesabu hiyo walibeba maji ya nusu siku.

Baada ya mwendo wa saa moja hivi walikutana na mama mmoja na mtoto wake, wakiwa na punda wawili waliobeba madumu matupu. Kundi likasalimia kwa “mbukwenyi”, salamu ya Kigogo waliyofundishwa juzi yake, mama akacheka kwa matamshi yao, picha zikapigwa, kila upande ukashika njia yake. Punda walikuwa wanaelekea kusini. Lambo lilikuwa kaskazini.

Walipofika kwenye alama ya buluu wakakuta uwanja. Ardhi bapa, ngumu, yenye nyufa, nyayo za ng'ombe zilizokauka, na upande mmoja mabua makavu ya mahindi yaliyolimwa ndani ya lambo lenyewe. Tuta la lambo lilikuwepo bado, limebomoka katikati.

Kiongozi wa kundi, aliyechaguliwa kwa kuwa ndiye aliyeongoza darasa kwa alama, alisema wamekosea kusoma ramani. Akaligawa kundi likatafute lambo “lenyewe” nyuma ya vichaka. Zoezi hilo lilichukua karibu saa nzima ya jua kali na likala maji mengi ya chupa. Waliporudi, ugomvi ukaanza. Wapo waliotaka kusonga mbele hadi kijiji kinachofuata, wapo waliotaka kurudi walikotoka, na mmoja akasema waziwazi kwamba mkufunzi anajua maji yaliko na apige simu waletewe pikapu, kwa sababu ada wamelipa.

Kijana mmoja aliyekulia katika familia ya wafugaji mkoani Singida hakuwa amesema neno tangu asubuhi. Katikati ya ugomvi akasema, “Yule mama hakuwa anakuja huku.” Ikabidi arudie. Punda wenye madumu matupu wanaenda majini, akaeleza, na walikuwa wameupa mgongo upande huu.

Walirudi nyuma, wakakuta nyayo za punda, wakazifuata hadi kwenye mto wa mchanga. Pale palikuwa na watu wamechimba visima vya mchangani, virefu kiasi cha mtu kuzama kiunoni, na foleni ya madumu. Mazungumzo yaliyofuata niliyapata kwa watu watatu tofauti, na yanafanana:

“Shikamoo babu.”

“Marahaba. Mnatafuta nini na jua hili?”

“Lambo, babu.”

“Lambo mmelipita. Mmelikanyaga.”

Mzee aliwaeleza kwamba miteremko ya juu ilifyekwa kwa ajili ya mashamba, ikalimwa alizeti miaka mfululizo, na udongo wote wa kule umehamia mle. Wakaambiwa wasubiri zamu. Waliotangulia kuchimba ndio wanaotangulia kuchota. Kisha akauliza kama wao ndio wale wa chuo. “Wenzenu walikuja mwaka ule, wakapima, wakaandika, wakaondoka.”

Wakiwa kwenye foleni, binti mmoja wa kundi aliishiwa nguvu. Kizunguzungu, kichwa kuuma, ngozi ya baridi yenye jasho. Mkufunzi alimlaza kivulini chini ya mkwaju na kuwaomba wenyeji maji, wakatoa bila kuuliza zamu. Simu haikuwa na mtandao bondeni. Mtu akapanda mwinukoni, akampata mratibu, lakini pikapu ilikuwa upande wa pili wa korongo, mwendo wa zaidi ya saa. Aliyefika kwanza ni bodaboda wa kijijini. Binti alipelekwa zahanati, akapewa dawa ya maji na chumvi, na jioni alikuwa amekaa anakula. Mzazi wake alikwishapata habari kupitia kundi la WhatsApp la darasa, ikiwa imeongezwa chumvi yake.

## Maamuzi yaliyofanywa na sababu zake

La kwanza ni la mkufunzi kunyamaza penye lambo kavu. Yeye alijua tangu mwanzo kwamba halina maji. Alikuwa amepita hapo wiki mbili kabla. Kwenye maelezo yake ya maandishi alisema alijiwekea mpaka: chupa ya mtu yeyote ikiisha kabisa, au saa nane ikifika kabla hawajaamua, angeingilia. Chupa hazikuwa zimeisha. Alipoona kundi linageuka kufuata punda, akaona hakuna haja ya kusema.

La pili ni la kundi kumsikiliza kijana wa Singida. Lilichelewa, lakini lilifanyika, na lilifanyika kwa sababu mamlaka ya kiongozi yalikuwa yameyeyuka pamoja na lile zoezi la kutafuta lambo jingine.

La tatu, mgonjwa alipopatikana, mkufunzi alilibakiza kundi zima pale kisimani badala ya kulikimbiza barabarani. Palikuwa na maji, kivuli na watu.

La nne lilikuwa la mratibu usiku ule: kutoifunga kambi, na kutowagombeza. Alifika, akakaa nao, akauliza swali moja na kumtaka kila mtu ajibu: ni saa ngapi ulipokuwa tayari na habari za kutosha kujua kwamba lambo halina maji?

Kumbukumbu za usiku huo ziliandikwa na mwanafunzi kwa mkono, na nimezisoma zaidi ya mara moja. Wa kwanza alijibu saa sita, walipoliona. Wa pili akasema hapana, asubuhi, tulipokutana na yule mama. Mwingine akarudi nyuma zaidi: alfajiri, kwa sababu njia iliyoandikwa kwenye ramani kuwa ya kwenda lambo ilikuwa imeota majani, haina nyayo. Wakaendelea kurudi hivyo hadi mmoja akasema: “Mwezi wa sita. Kwenye mtihani.” Mwandishi wa kumbukumbu ameweka hapo mstari mtupu.

## Matokeo

Kambi iliisha salama, lakini chuoni kulikuwa na kikao. Mzazi alitaka kujua kama mtoto wake alilipiwa ada ili ashindwe kupewa maji. Uongozi uliomba mpango wa maandishi wa kukabili hatari, na haukuwepo. Kila kitu kilikuwa kichwani mwa mratibu. Mwaka uliofuata kambi ilifutwa, ikaja ziara ya basi: asubuhi kutoka Dodoma hadi Kolo, kaskazini mwa mji wa Kondoa, kuona michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, mchana kusimama kwenye miteremko iliyoharibika na kupona baada ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza 1973 na mwaka 1979 ukaondoa mifugo yote katika eneo lililomomonyoka, usiku kurudi hosteli.

Fomu za tathmini zilikuwa nzuri sana. Ziara ya basi ilipata alama za juu kuliko kambi ilizowahi kupata, na kwa miaka kadhaa fomu hizo ndizo zilizotumika kuthibitisha kwamba uamuzi ulikuwa sahihi.

Mapitio ya mtaala yalipofika, tuliwatafuta wahitimu wa vipindi vyote viwili. Wa ziara walikumbuka michoro, nyimbo za kwenye basi na kuku wa Kondoa. Walijua habari za HADO kwa usahihi kuwazidi wa kambi, hata mwaka wa kuondolewa mifugo, na hilo si jambo la kubeza: kama lengo ni mtu ajue kilichotokea Kondoa, basi linatosha. Lakini hakuna aliyenisimulia jambo aliloamua yeye. Walisimulia walichoonyeshwa.

Wa kambi walikuwa tofauti, na si wote kwa wema. Mmoja sasa ni ofisa mipango katika halmashauri ya mkoa mwingine. Faili la lambo lilimfikia likiwa limekamilika, na michoro yake, na makadirio ya gharama. Alikataa kuliandikia maoni kabla ya kutembea eneo lote linalomwaga maji kwenye lambo, juu mpaka kwenye kilele. Alikuta mashamba mapya. Mradi ukacheleweshwa msimu mmoja wa bajeti, wakubwa wake wakakasirika, na mwishowe lambo likahamishwa na fedha kidogo zikatengwa kwa ajili ya makinga maji na nyasi upande wa juu. Kama litadumu haijulikani. Ni jipya bado. Nilipomuuliza kama kambi ndiyo iliyomtuma, alisema, “Nilijiuliza tu punda wanaenda wapi.”

Mwingine anauza vipuri vya pikipiki mjini. Hana uhusiano wowote na mazingira siku hizi. Anasema akipata hasara hujiuliza ni siku gani hasa alipokuwa ameshaijua, na mara nyingi jibu ni kabla hajatoa hela.

Kiongozi wa kundi bado ana hasira. Kwa maneno yake, walitumiwa kama kielelezo, na mtu mzima aliyejua ukweli aliwaangalia wakizunguka juani. Sikumbishia. Maelezo yake ni sahihi kama yalivyo ya mkufunzi.

Binti aliyeugua alikubali kuzungumza kwa ufupi, na alichosema hakikuwa kwenye ripoti yoyote. Alikuwa amejinyima maji tangu alfajiri kwa sababu hapakuwa na mahali pa kujisitiri njiani, mkufunzi na wenzake wengi walikuwa wanaume, na alikuwa kwenye siku zake. Wasichana wengine wawili wa makundi tofauti waliniambia walifanya vivyo hivyo. Kwa miaka yote ya kambi, kumbe, sehemu ya wanafunzi walikuwa wanatembea juani kwa makusudi bila kunywa, na hakuna mwalimu aliyejua kwa kuwa hakuna aliyeuliza.

## Uchambuzi

Kilichobaki kwa watu hawa ni mazoea ya kutoamini karatasi kabla ya kwenda kuona, na ya kusoma dalili zinazopita mbele ya macho zikiwa na punda na madumu. Hayo hayakuletwa na matembezi. Ziara ya basi nayo ilikuwa nje ya darasa, tena mahali penye mambo mengi zaidi ya kufundisha kuliko uwanja ule wa nyufa. Tofauti ninayoiona ni kwamba kambini maarifa yalikuwa na gharama. Swali la mtihani wa Juni lilikuwa lilelile la Oktoba, ila Juni kulikosea kungegharimu alama, na Oktoba kuliligharimu kundi kiu.

Gharama peke yake nayo isingetosha. Kundi lingeweza kurudi na hadithi ya kuhangaika juani, ikakuzwa kila mwaka, na mafunzo yakaishia hapo; sote tunawajua watu ambao JKT imewaachia hadithi tu. Kilichogeuza hangaiko kuwa funzo ni swali la usiku ule. Halikuuliza nani alikosea, ndiyo maana watu waliweza kulijibu. Kama ningeruhusiwa kuokoa kipengele kimoja tu cha kambi, ningeokoa mazungumzo ya jioni na kuacha mengine yaende.

Kuhusu mkufunzi kunyamaza, maoni yangu yamegawanyika. Alikuwa na mpaka, na aliuheshimu. Lakini mpaka wenyewe ulipima chupa, na chupa ya binti yule ilikuwa imejaa kwa sababu hakuwa anainywa. Kigezo cha usalama kilichoonekana makini kilimsoma mtu aliye hatarini kama mtu aliye salama kuliko wote. Ukimya wa mwalimu unafaa kwa swali la njia. Kwa hali ya mwili, mwalimu anapaswa kuuliza mara kwa mara na ajue nani wa kuuliza nini. Mwalimu mwanamke katika kila kundi lenye wasichana lingekuwa jambo la kwanza, na linahitaji uamuzi wa kupanga watu, si fedha nyingi.

Kuchagua kiongozi kwa alama za darasani kulizika habari iliyokuwepo. Kijana wa Singida alikuwa na jibu tangu asubuhi. Hakusema kwa sababu hakuona kama ni mahali pake. Wastani wake wa alama ulikuwa wa kuponea, na alikwishazoea kwamba anachokijua kutoka nyumbani hakiulizwi chuoni. Wahadhiri hupenda kusema kwamba kambi huwaleta pamoja wanafunzi wa asili tofauti. Iliwaleta pamoja, ikawapa vyeo vilevile vya darasani.

Uongozi wa chuo umelaumiwa sana na wahitimu niliozungumza nao. Sioni kama lawama hiyo ni ya haki yote. Ulikuwa na mzazi mlangoni, hauna karatasi hata moja ya kumwonyesha, na hakuna aliyeweza kusema kambi inaleta nini isipokuwa kwa maneno ya jumla. Pale ulipokosea ni kuyapima mambo mawili kwa fomu ya siku ya kurudi. Mtu aliyetoka kwenye basi lenye muziki atatoa alama nzuri kuliko mtu mwenye malengelenge, na fomu haina kisanduku cha miaka sita baadaye.

Yapo tusiyoweza kudai. Waliopokea simu zetu huenda ndio wale ambao kambi iliwagusa. Waliochukizwa wengi hawakupokea. Yule ofisa mipango huenda angekuwa mkaidi vilevile hata asingetoka hosteli maisha yake yote. Sikukuta dalili kwamba kambi iliwafanya watu wawe jasiri zaidi, wapenzi wa miti zaidi, au viongozi bora. Waliohifadhi kitu walikihifadhi katika umbo finyu, na wakakitumia kwenye mambo yanayofanana na yale ya siku ile.

## Utaratibu wa sasa

Kambi imerudi, siku tano, mwishoni mwa Aprili mvua zinapokatika. Maji yapo, joto limepungua, na makorongo yanaonyesha yalichobeba msimu ule. Uongozi wa kundi hubadilika kila siku kwa zamu ya majina. Kuna hema la choo na mapumziko yaliyopangwa. Kila kundi hulipia bodaboda wa kijiji husika kwa siku nzima, kwani ndiye aliyefika wa kwanza mara ile. Ziara ya Kolo imebaki pia, kwa mwaka wa kwanza.

Suala lililochukua muda mrefu kuliko yote kikaoni lilikuwa la mzee wa kisimani. Vipimo vya kina cha tope na upana wa makorongo vilivyokusanywa kwa miaka vilikuwa kabatini idarani, na kijiji hakikuwahi kupewa hata ukurasa mmoja. Sasa bajeti ya kambi ina mstari wa kuandika muhtasari wa kurasa mbili, kuuchapisha, na nauli ya wanafunzi wawili kurudi kuusoma kwenye mkutano wa kijiji. Mara ya kwanza walipofanya hivyo, swali lililoulizwa na wanakijiji halikuwa la lambo: walitaka kujua kama chuo kinaweza kuwasaidia kuandika barua halmashauri kuhusu nani anayeruhusu mashamba mapya kufunguliwa kule juu. Idara inalishughulikia, na wapo wahadhiri wanaoona kwamba hiyo si kazi ya chuo.